Neno Dhaifu na Adabu ya Bunge

Neno dhaifu ni neno la adabu katika Kiswahili. Lilitoka katika Kiarabu, likapokewa pwani, likazoeleka, na kwa muda mrefu halikumvunjia mtu heshima. Mtunzi wa utenzi afikapo mwisho wa kazi yake hujitaja kuwa ni mja dhaifu, mwenye kuhitaji dua ya wasomaji na msamaha wao. Wanazuoni wa Hadithi hulitumia kwa mapokezi ambayo wapokezi wake wana kasoro. Nao wasemapo hivyo hawamtukani mtu, bali wanapima ushahidi. Mgonjwa aliyeinuka kitandani aulizwapo hali hujibu kwamba bado yu dhaifu. Mkaguzi wa hesabu aonapo kuwa ghala halina daftari la kupokelea vitu, huandika kwamba pana udhaifu katika usimamizi. Katika matumizi yote hayo neno hili husimama ama mahali pa unyenyekevu ama mahali pa kipimo, wala hapana hata pamoja ambapo msikiaji hukunja uso.

Hata hivyo, tarehe 19 Juni 2012 neno hilo lilimtoa mtu nje ya ukumbi wa Bunge la Tanzania mjini Dodoma. John Mnyika, aliyekuwa mbunge wa Ubungo, alikuwa akichangia mjadala wa bajeti ya serikali. Alisema kwamba nchi imefika ilipofika kwa sababu ya udhaifu wa Rais, uzembe wa Bunge na upuuzi wa chama kinachotawala. Naibu Spika, Job Ndugai, ambaye sasa ni marehemu, alimtaka aifute kauli yake juu ya Rais. Mnyika akakataa. Akaamriwa kutoka, naye akatoka.

Mpenzi wa lugha hana budi kusimama kidogo hapo na kuyatazama maneno matatu yale. Uzembe ni lawama, maana mzembe aweza kutenda ila hataki. Upuuzi ni dharau ya wazi; mwenye kuambiwa hivyo ameambiwa kuwa hana jambo la maana. Lakini udhaifu si dhambi. Mtu dhaifu aweza kuwa mwema, mkweli na mwenye nia safi, ila nguvu zake zimepungukiwa na mzigo aliojitwika. Kama maneno yangalipimwa kwa mizani ya kamusi peke yake, la kwanza kufutwa lingalikuwa upuuzi, la pili uzembe, na udhaifu ungalipita pasipo mtu kugeuza shingo. Mambo yakawa kinyume. Neno lililo pole kuliko yote ndilo lililoonekana kuwa kali kuliko yote, kwa kuwa lilimwendea aliye juu kuliko wote.

Haki yataka isemwe kwamba kiti hakikutenda jambo hilo bila msingi. Kanuni za Kudumu za Bunge zakataza mwenendo wa Rais, wa Spika au wa jaji kujadiliwa, isipokuwa imeletwa hoja mahsusi kwa ajili hiyo. Katazo hilo lina maana yake. Bunge lingekuwa mahali pa ajabu kama kila mjadala wa maji, wa pamba au wa barabara ungeweza kugeuzwa kuwa kesi ya mtu asiyekuwapo, asiyejua kwamba ashitakiwa, na asiye na nafasi ya kujitetea. Basi kwa kadiri ya kanuni ile, kosa la Mnyika halikuwa kutaja neno baya. Kosa lilikuwa kuingia kwa mlango usiokuwa wake. Ajabu ni kuwa watu wengi, wale waliomtetea na wale waliomlaumu, hawakubishana habari za mlango. Walibishana habari za neno. Swali lililozunguka mitaani na magazetini lilikuwa: je, dhaifu ni tusi?

Miaka sita baadaye swali lile lilirudi, na safari hii bila kifuniko cha kanuni ya mwenendo wa Rais. Mwishoni mwa mwaka 2018 Profesa Mussa Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alihojiwa alipokuwa New York. Aliulizwa kwa nini taarifa zake za ukaguzi hazifuatwi na hatua. Akajibu kwamba huo ni udhaifu wa Bunge. Mwezi wa Januari 2019 Spika, ambaye sasa alikuwa Ndugai mwenyewe, alimwita mbele ya kamati ya Bunge inayoshughulika na haki, maadili na madaraka. Mkaguzi alieleza kwamba neno lile ni la kawaida katika kazi yake. Maelezo hayo hayakutosha. Mwezi wa Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi naye, na wabunge wawili wa upinzani waliokubaliana na neno lake walisimamishwa wasihudhurie mikutano kadhaa.

Mambo mawili yastahili kutazamwa katika kisa hicho. La kwanza ni kuwa mkaguzi alisema nje ya Bunge, naye hakuwa mbunge. Kwa hiyo adabu ya mjadala, iliyowekwa ili wabunge waweze kusikilizana, ilitoka ukumbini ikavuka bahari kumfuata mtu katika mazungumzo yake. La pili ni kuwa aliyeitwa dhaifu hakuwa mtu. Lilikuwa baraza. Baraza halina uso wa kuona haya, halina mama wa kutukanwa, wala halina watoto watakaochekwa shuleni. Lina kazi tu, na kazi yaweza kufanywa vizuri au vibaya. Mtu anaposema kuwa daraja ni dhaifu, mhandisi hakasiriki, bali huenda akalitazama. Yaelekea katika mwaka ule wa 2019 wengi walipendelea kumtazama aliyesema.

Kanuni za Bunge hutaja makosa ya ulimi kwa majina mbalimbali, na majina hayo hayafanani kwa tabia. Mbunge asitoe taarifa isiyo na ukweli. Asitumie lugha ya matusi. Asitumie lugha ya kuudhi au ya kudhalilisha. Kwa kusoma haraka mtu aweza kudhani kwamba yote ni jambo moja linalosemwa kwa maneno mengi, kama ilivyo desturi ya wanasheria. Sivyo. Kila moja la makosa hayo lina hakimu wake. Uongo hupimwa kwa mambo yenyewe: ama mkataba ulitiwa sahihi ama haukutiwa, ama fedha zilipokewa ama hazikupokewa. Tusi hupimwa kwa desturi ya wasemao lugha. Maneno ya matusi yanajulikana, na hata mtoto huyajua kabla hajajua maana yake, kwa kuona jinsi watu wazima wanavyomkemea ayatajapo. Lakini kuudhi hakupimwi kwa mambo wala kwa desturi. Kitenzi hicho hakina kipimo ila katika moyo wa mwenye kuudhika. Kama nimeudhika, basi neno lako limeniudhi, na ushahidi umekamilika kwa kauli yangu. Hapo mshitaki, shahidi na jeraha ni kitu kimoja.

Hiyo ndiyo hatari iliyojificha katika kanuni njema. Watu hawaudhiki kwa kadiri moja. Aliye chini amezoea kuambiwa; ngozi yake imekomaa. Aliye juu amezoea kusifiwa, na neno ambalo kwa jirani yake ni salamu, kwake ni kofi. Kwa hiyo sheria inayopima lugha kwa maudhi, hata kama imeandikwa kwa ajili ya wote, itawalinda zaidi walio wepesi wa kuudhika, nao ni wale wenye cheo. Hakuna aliyekusudia hivyo. Yatokea yenyewe, kama maji yanavyofuata mteremko.

Lakini haifai kukimbilia upande wa pili na kusema kwamba ulimi uachwe huru kabisa. Wako wanaosema hivyo, hasa vijana, na hoja yao ina mvuto. Husema kwamba demokrasia ni kelele, na kwamba mwenye masikio laini asiingie Bungeni. Jawabu lao lipo katika kisa cha Dodoma pia. Mwezi wa Mei 2016 wabunge wanawake wa upinzani walitoka ukumbini baada ya mwenzao mmoja, mwanamume, kudokeza kwamba wanawake wa chama chao hupata viti kwa njia ya mapenzi. Neno lile halikugusa bajeti wala muswada, wala lolote walilolisema wale akina mama katika mjadala. Liligusa miili yao. Mwanamke aliyeambiwa hivyo ajibu nini? Akisema si kweli, ameingia katika mazungumzo yasiyompasa. Akinyamaza, ataambiwa amekubali. Akikasirika, atachekwa kwamba hawezi siasa. Kila mlango umefungwa kabla hajanyanyuka kitini.

Hapo ndipo kipimo kinapoanza kuonekana. Neno la haki katika mjadala, hata likiwa kali namna gani, humwachia mwenye kuambiwa jambo la kujibu. Ukimwambia waziri kwamba amezembea, aweza kuonyesha alichokifanya. Ukiliambia Bunge kuwa ni dhaifu, laweza kutoa orodha ya maazimio yake na kuonyesha yale yaliyotekelezwa. Na kama orodha ni ndefu, msemaji ndiye atakayeona haya. Bali ukimwambia mtu kuwa ni mbwa, atajibuje? Aanze kuthibitisha kwamba hana mkia? Tusi la kweli ni neno lililotengenezwa lisijibiwe. Halitaki jawabu, lataka mtu apungue. Na kwa kuwa halitaki jawabu, halina kazi katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kujibizana.

Waswahili wa zamani walilijua jambo hili vizuri, ijapokuwa hawakuwa na bunge. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika siku za vita vya Kuduhu, washairi wa Mombasa na wa Lamu walitumiana mashairi makali kuvuka bahari. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa mmoja wao, na Zahidi Mngumi wa Lamu alikuwa mwingine. Siasa yao haikuwa na upole hata kidogo: miji ilikuwa inagombana, na watu walikufa. Walakini kejeli zao zilipita katika fumbo, na fumbo lina sharti lake. Anayelipokea ana haki ya kulifumbua, na ana haki ya kulirudisha, aghalabu kwa mizani na vina vile vile alivyopelekewa. Mshairi aliyetukana matusi ya sokoni, yasiyo na kina cha kujibiwa, hakuonekana kuwa jasiri. Alionekana kuwa ameishiwa. Desturi hiyo haikuzuia ukali. Ilitaka ukali uwe na nafasi ya kurudishwa.

Wenye kutetea kanuni ngumu hupenda kutaja kilichotokea katika Seneti ya Marekani mwaka 1856, nao wana haki ya kukitaja. Tarehe 19 na 20 Mei ya mwaka ule Seneta Charles Sumner alitoa hotuba ndefu dhidi ya kueneza utumwa katika jimbo la Kansas. Siku mbili baadaye Preston Brooks, mjumbe wa baraza la pili, alimwendea mezani pake akampiga kwa fimbo hadi akazimia. Miaka zaidi ya mitatu ilipita kabla Sumner hajarudi kazini sawasawa. Husemwa: haya ndiyo matunda ya ulimi usio na hatamu. Lakini hotuba ile ilikuwa na maneno ya namna mbili. Ilisema kwamba Seneta Andrew Butler, jamaa yake Brooks, ameuchukua utumwa kama kimada na kuuona mzuri. Hilo ni neno kali, hata la aibu; lakini lina jawabu, maana Butler angaliweza kueleza kwa nini autetea utumwa, kama kweli alikuwa na la kueleza. Kisha hotuba ikakejeli namna mzee yule alivyosema, hali yeye alikuwa na kasoro ya matamshi iliyotokana na maradhi. Hilo halina jawabu. Tena Butler hakuwapo siku ile. Sumner alikuwa upande wa haki katika jambo kubwa kuliko yote ya zama zake, na bado katika sentensi zile chache alimkosea mtu. Mambo mawili hayo yaweza kuwa kweli kwa pamoja, na fimbo ya Brooks haikubadili hata moja.

Si vibaya kukumbuka pia kwamba miaka ishirini kabla ya fimbo ile, baraza la wawakilishi la nchi ile ile liliweka kanuni ya kutozipokea kwa mjadala barua za wananchi waliotaka utumwa ukomeshwe. Kanuni hiyo ilidumu kuanzia mwaka 1836 hadi 1844, na sababu iliyotolewa ilikuwa amani ya baraza.

Sasa kuna neno moja ambalo limewasumbua Maspika kuliko matusi yote, nalo ni uongo. Katika Bunge la Uingereza, ambalo desturi zake zilirithiwa Dodoma, Nairobi na Kampala, mbunge hawezi kumwita mwenzake mwongo. Aweza kusema amekosea, amesahau, ameelezwa vibaya na maofisa wake, au kwamba maneno yake hayalingani na mambo yalivyo. Mwaka 1906 Winston Churchill, akinena juu ya vibarua wa Kichina katika migodi ya Afrika Kusini, alitumia tamko refu lenye maana ya kukosea istilahi, na watu wakalichukua tamko hilo kuwa vazi la kulivika neno uongo likaenda matembezini. Waswahili wana mavazi yao: kupotosha, kutosema yote, kuteleza. Na wabunge wa Kiswahili wana starehe moja zaidi, maana huanza kwa cheo cha Mheshimiwa, ndipo wamchome aliyeheshimiwa.

Katazo hilo si la upuuzi. Kusema kwamba jambo si kweli ni kulishitaki jambo. Kusema kwamba mtu ni mwongo ni kuushitaki moyo wake, na hapana aliyeuona moyo wa mwenzake. Kwa hiyo desturi ya Uingereza imeweka njia: anayetaka kushitaki moyo alete hoja mahsusi, ushahidi uchunguzwe, mshitakiwa asikizwe. Njia hii ni ya haki. Taabu huanza pale mtu anapotakiwa zaidi ya kunyamaza.

Tarehe 31 Januari 2022 Ian Blackford, kiongozi wa wabunge wa chama cha taifa cha Uskoti, alisema katika Bunge hilo kwamba Waziri Mkuu Boris Johnson alilipotosha Bunge kwa makusudi katika habari za karamu zilizofanywa katika ofisi za serikali wakati wa amri za maradhi ya korona. Spika Lindsay Hoyle hakumtaka ayaondoe maneno yote. Alimpa njia nyepesi: aseme kwamba Waziri Mkuu alilipotosha Bunge bila kukusudia. Maneno mawili tu yalitosha, na mtu angebaki kitini kwake. Blackford hakukubali. Spika alipokuwa akitoa amri ya kumtoa, yeye alikwisha kuondoka. Tarehe 15 Juni 2023 kamati ya Bunge lile lile ilitoa taarifa yake baada ya uchunguzi mrefu, ikasema kwamba Johnson alilipotosha Bunge kwa makusudi. Tarehe 19 Juni wabunge waliikubali taarifa hiyo kwa kura 354 dhidi ya 7. Johnson alikuwa amekwisha kuacha kiti chake.

Wengi walipokikumbuka kisa hicho walisema kwamba Blackford alikuwa mkweli na Spika alikosea. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mwezi ule wa Januari Blackford hakuwa na uchunguzi mkononi, naye Spika alifuata sheria aliyokabidhiwa. Kosa liko kwingine, na ni dogo kwa umbo, kubwa kwa maana. Kumwambia mtu anyamaze ni kumnyima neno. Kumwambia aseme bila kukusudia ni kumtia neno kinywani, tena neno asiloliamini. Adabu ya kwanza yavumilika. Mtu mwungwana hunyamaza mara nyingi kwa siku. Adabu ya pili yamtaka mtu aseme uongo mdogo mbele ya Bunge ili aruhusiwe kubaki katika Bunge linalokataza uongo. Kwa hakika Spika hakukusudia hivyo, na maneno hayo mawili, kwa upande wake, yalikuwa ya kweli.

Njia ya hoja mahsusi nayo yahitaji ardhi imara ya kupitia. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, hakusimama kupiga kelele. Alileta hoja, kama kanuni zinavyotaka, kuomba kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliotiwa sahihi London, akidai kwamba waziri hakuliambia Bunge ukweli. Bunge liliikataa hoja, kisha mwezi wa Agosti likamsimamisha mwenye hoja hadi Januari 2008, kwa kusema kwamba yeye ndiye aliyesema uongo. Uchunguzi alioutaka haukufanywa kabla ya hukumu hiyo. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuitazama sekta ya madini, na Zitto akawa mmoja wa wajumbe wake. Hapana haja ya kuamua hapa nani alikuwa mkweli katika habari za Buzwagi. Yatosha kuona kwamba mtu aliyepita mlangoni alipata adhabu iliyo nzito kuliko ya yule aliyeruka ukuta, kwa kuwa Mnyika mwaka 2012 alikosa kikao, naye Zitto alikosa miezi.

Na huko Nairobi, mwezi wa Oktoba 1975, Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba wapo watu wanaojaribu kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Akatakiwa athibitishe. Aliyekuwa kitini siku ile alikuwa Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, naye akasema kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Baada ya siku chache wote wawili walikamatwa katika eneo la Bunge lenyewe, wakawekwa kizuizini bila kesi hadi Desemba 1978. Kwa sheria ya mjadala Seroney alikosea: kiti hakipaswi kuwa shahidi. Kwa mambo yaliyofuata, neno la Shikuku lilithibitishwa na wale wale waliolikasirikia, kwa vitendo, ndani ya juma moja.

Mtu akivitazama visa hivi pamoja ataona kwamba ukali wa maneno huongezeka pale ambapo njia nyingine zimezibwa. Taarifa ya ukaguzi isiposomwa, mkaguzi husema. Hoja ikikataliwa, mwenye hoja hupaza sauti. Mwenye wingi wa kura hana sababu ya kupaza sauti. Yeye hungoja kura. Kwa hiyo ufidhuli wa wachache mara nyingine ni kodi inayolipwa na wengi kwa kutosikiliza. Mara nyingine, si mara zote. Maneno waliyoambiwa wanawake mwaka 2016 yalitoka upande wenye wingi, na hayakuzaliwa na mlango wowote uliofungwa. Ndiyo sababu haitoshi kusema kwamba mnyonge aruhusiwe kutukana. Uhuru wa kutukana ukitolewa, mwenye nguvu ndiye atakayeutumia zaidi, kwa kuwa yeye hana la kuogopa baadaye.

Basi mzigo unarudi kwa anayeshika kiti. Hakuna kitabu cha maneno yaliyokatazwa kitakachomsaidia, maana maneno hubadilika yakibadilishwa mdomo na mlengwa. Anachoweza kujiuliza ni hiki: aliyeambiwa ana la kujibu? Kama analo, apewe nafasi ajibu, na hasira yake iwe ni shauri lake. Kama hana, neno lifutwe hata kama limetamkwa kwa sauti ya upole na kutanguliwa na cheo cha Mheshimiwa. Swali hilo ni jepesi kulisema na zito kulitenda kwa Spika ambaye ni mwana chama. Uingereza Spika achaguliwapo huacha chama chake. Tanzania hapana sharti la namna hiyo, na Spika huweza kuketi juu ya mjadala asubuhi na kuhudhuria kikao cha chama jioni. Kumtaka mtu huyo apime neno lililoelekezwa kwa mwenyekiti wa chama chake ni kumtaka jambo ambalo malaika wangeliomba wapumzishwe.

Job Ndugai mwenyewe aliyaona hayo kwa upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 2021, akizungumza nje ya Bunge, alionya juu ya mikopo ya serikali, akasema kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Neno lile la mnada lilipokewa na walio juu kama vile yeye alivyolipokea neno dhaifu. Tarehe 3 Januari 2022 aliomba radhi mbele ya waandishi wa habari. Tarehe 6 Januari alijiuzulu Uspika. Hapana la kufurahia katika jambo hilo, na waliofurahi siku zile hawakuwa wamefikiri. Neno mnada lilikuwa kali, lakini lilikuwa na jawabu: deni ni kiasi gani, linalipwa kwa nini, na kwa muda gani. Baadhi ya majibu hayo yalitolewa. Lakini aliyesema alikuwa amekwisha kuonekana kuwa ndiye jambo lenyewe.

Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huendelea kufika Bungeni Dodoma kila mwaka, kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba. Huja kwa vitabu vizito, vingine juu ya Serikali Kuu, vingine juu ya halmashauri na mashirika ya umma. Humo ndani, ukurasa baada ya ukurasa, wizara hii huandikiwa udhaifu katika kukusanya mapato, na halmashauri ile udhaifu katika kutunza stakabadhi, na wabunge huvifungua vitabu hivyo mezani na kuyasoma maneno yale kwa sauti.